Siku Saba za Rudaina

Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, saa kumi za jioni, ukinitafuta nyumbani hunipati. Nipo kwenye uzio wa bwawa la klabu yetu hapa Mansura, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, chupa ya chai miguuni, mikate ya maharage mapajani na saa ya kupimia mbio mkononi. Kina mama wengine nao ni hivyo hivyo. Midomo inazungumzia bei ya nyanya, lakini macho yako majini. Mtoto akichelewa nusu sekunde, utasikia mtu anashusha pumzi kama kafiwa.

Ndiyo, tulizidi. Sasa naweza kulisema hilo, wakati ule nisingekubali hata ungenibana.

Binti yangu Rudaina alikuwa darasa la sita, na kwa mtindo wa kipepeo hakuna msichana wa rika lake aliyemfikia katika mkoa mzima. Kwenye kuogelea watoto hawapangwi kwa kimo wala kwa darasa, wanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Januari anashindana na aliyezaliwa Desemba ya mwaka huo huo, ingawa amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima wa kula na kukua. Cheti cha Rudaina kilisema alizaliwa tarehe mosi Januari, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote.

Wa pili, siku zote, alikuwa rafiki yake Jumana. Jumana alizaliwa Novemba, mwembamba, mcheshi, mwenye domo. Akitoka majini wa pili anasema, "Nimekuachia tu leo, shoga yangu, nimekuonea huruma." Kisha anaingia chumba cha kubadilishia nguo, na akitoka macho yamekuwa mekundu. Tulikuwa tukisema ni dawa ya maji.

Mwaka ule fainali ya mkoa ilipangwa Ijumaa. Mshindi mmoja tu wa kila mtindo angekwenda Kairo kwenye mashindano ya taifa. Mume wangu, Raafati, alikuwa ameshanunua begi jipya la safari. Nami nilikuwa nimeshahesabu vichwa vya wageni wa karamu na kilo za wali wa maziwa.

Lakini kabla ya Ijumaa ilikuja Jumanne, na Jumanne ilikuwa subuu ya mtoto wa mdogo wangu Sausani. Kwetu mtoto akitimiza siku ya saba, hapo ndipo anapokaribishwa duniani rasmi. Tulikusanyika nyumbani kwa mama yangu kijijini. Watoto walishika mishumaa, chumvi ikanyunyizwa kila pembe kufukuza jicho baya, kichanga kikalazwa ndani ya ungo, na Sausani akamruka mara saba. Mama yangu akapiga kinu cha shaba kwa mchi, ngo! ngo! ngo!, huku akimwambia mtoto kwa sauti kubwa, "Msikilize mama yako! Baba yako usimsikilize!" Wanaume wakapiga kelele za kupinga, kina mama tukajibu kwa vigelegele.

Baadaye, tulipokuwa tukinywa kinywaji cha moto chenye samli na ufuta ambacho mzazi hupewa ili apate nguvu, mama yangu alimvuta Rudaina akamkalisha karibu naye.

"Wewe subuu yako ilikuwa kiboko," alimwambia. "Nilikuwa nimeshika mchi hivi, sijapiga hata mara moja, fataki zikalia kijiji kizima. Mbingu nzima rangi! Shangazi yako akasema, 'Jamani, huyu mtoto ni wa mfalme gani?' Kumbe vijana walikuwa wanaukaribisha mwaka mpya."

Watu walicheka. Rudaina naye alianza kucheka, halafu akamgeukia bibi yake.

"Bibi, fataki za kuamkia tarehe mosi Januari?"

"Eh, nyingine zipi? Ule usiku wenyewe wa mwisho wa mwaka."

"Na hiyo ilikuwa subuu yangu? Nilikuwa na siku saba?"

"Sasa subuu inafanywa siku ya ngapi, mjukuu wangu? Ya arobaini?"

Mama yangu hana kosa. Hajasoma, hajawahi kukiona kile cheti, na kwake siku ya kuzaliwa si jambo la keki. Rudaina aliangalia vidole vyake. Nilimwona anahesabu kurudi nyuma. Kisha akaniangalia mimi, na mimi nikainamia sinia nikajifanya napanga vikombe.

Tulirudi mjini. Nyumbani, kabla hata baba yake hajavua viatu, aliuliza.

"Baba, mimi nimezaliwa lini?"

"Si unajua? Tarehe mosi."

"Bibi anasema tarehe mosi nilikuwa nimeshafanyiwa subuu."

Raafati alinitazama. Nilikaa. 

"Ulizaliwa tarehe ishirini na tano Desemba," nilisema. "Kwa bibi, kabla hatujawahi hospitali. Mkunga alikuwa jirani. Baba yako alimwomba aandike tarehe mosi, naye akaandika."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nilikuwepo," nilimjibu. "Nilinyamaza."

Raafati aliingilia kati kwa haraka. "Siku saba tu, mwanangu! Siku saba ni nini? Hatukuiba ng'ombe wa mtu."

"Kama siku saba si kitu," Rudaina aliuliza, "kwa nini mlizihamisha?"

Lo!  Raafati alitafuta jibu kwa kupandisha sauti. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe alizaliwa mwishoni mwa Desemba. Kwamba aliogelea miaka sita na kila mwaka alipangwa na wavulana waliokwisha kuota ndevu wakati yeye bado anaitwa kitoto. Kwamba hakupata medali hata moja, wala ya shaba, mpaka akaacha. "Niliapa mwanangu hatateseka hivyo," alisema, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Nilimhurumia, na nilimhurumia mtoto zaidi.

Jumatano Rudaina hakwenda mazoezini. Alisema tumbo linamuuma. Mimi, mwongo wa miaka kumi na miwili, ningemkemea kwa uso gani? Nilimpikia chai ya mnanaa nikamwachia mlangoni. Simu ikalia, Jumana: "Mama Rudaina, mwambie asiogope, nitamwonea huruma tena Ijumaa." Nilicheka kwa mdomo tu.

Alhamisi mchana, tukiwa mezani, Raafati alisema, "Kesho tunaondoka saa moja asubuhi. Mambo ya tarehe tutayazungumza baada ya Kairo. Ukishinda, hakuna atakayeuliza."

Rudaina aliweka kijiko chini. "Baba, wale wavulana waliokuwa wanakushinda, walidanganya umri?"

"Hapana. Walikuwa wakubwa tu. Walizaliwa mapema."

"Basi wewe hukuonewa na mtu. Jumana anaonewa na nani?"

 Raafati alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akaangalia dirisha. Nilitaka kusema kitu cha kumtetea, maana ni mume wangu na nampenda, lakini kila neno nililoliokota lilikuwa la uongo.

"Unajua ukisema, Kairo ndiyo imekwenda?" alimuuliza hatimaye. "Medali zako mbili za mwaka jana nazo zitakwenda. Utapangwa na wakubwa, na utakuwa mdogo kuliko wote. Unajua maana yake? Utashindwa, Rudaina. Mara nyingi."

"Najua," alisema, na machozi yakamtoka. "Nataka sana kwenda Kairo, baba. Nataka mpaka tumbo linaniuma kweli. Lakini kila nikifumba macho naona yale macho ya Jumana."

Raafati alisimama akavaa viatu. Nilidhani anakwenda kwenye mkahawa kupunguza hasira. Alikwenda kwa Kocha Wajdi.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, bila kujipamba. Kocha alikuwa akihesabu kofia za kuogelea za kesho yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Bwana Raafati, unajua unachoniambia? Ningeweza kulala nisijue."

"Hata mimi nililala nikijua, miaka yote hii," Raafati alimjibu. "Nimechoka."

Ijumaa Rudaina alikaa jukwaani nami, amevaa nguo zake za kawaida. Watu waliuliza, tukasema. Ilibidi tuseme. Kuna mama mmoja aliyekuwa akinikaribisha chai kila siku, siku ile alihamisha kiti. Wengine walinong'ona, "Kumbe!" Lile "kumbe" lilinichoma, lakini lilikuwa haki yao.

Jumana alishinda. Aligusa ukuta, akageuka kutazama ubao, akaona jina lake juu kabisa. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikapasuka. Nilidhani Jumana atafurahi vivyo hivyo, lakini alitoka majini akaja moja kwa moja kwenye ngazi zetu, anachuruzika maji, hasira tupu.

"Kwa nini hukuogelea?" alimuuliza Rudaina. "Sasa nitajuaje kama ningekushinda?"

Rudaina alimweleza yote. Jumana alisikiliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mwaka jana hapa, na kule kwenye mashindano ya Damieta, mshindi nilikuwa mimi?"

"Ulikuwa wewe."

Jumana aliondoka, na hakuongea na binti yangu wiki tatu.

Jioni ile ile ya Ijumaa tulikwenda kwao na sinia la basbusa, keki ya kwetu yenye shira, maana mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Baba yake Jumana alitukaribisha kwa adabu. Mama yake hakuigusa basbusa. Alisema, "Mwanangu amelia chooni miaka miwili akijiona hafai. Hizo siku mnazirudishaje?" Raafati aliinamisha kichwa akasema hawezi. Ndipo Rudaina akatoa medali mbili mfukoni, akaziweka mezani, akasema, "Mama Jumana, nisamehe." Mama yake Jumana aliangalia zile medali, akamwangalia mtoto, akamvuta kifuani. Mimi hakunivuta, na sikustahili.

Kubadilisha tarehe kwenye cheti si mchezo. Raafati alikwenda ofisi hadi ofisi, akakaa kwenye mabenchi, akaambiwa rudi kesho, lete shahidi, lete mkunga. Mama yangu aliletwa mjini kutoa ushahidi, akamweleza karani habari za fataki tangu mwanzo mpaka mwisho, na karani akamwagizia chai. Ilichukua miezi saba. Muda wote huo Rudaina alifanya mazoezi bila kuruhusiwa kushindana hata mara moja.

Jumana alirudi kutoka Kairo akiwa wa tano. Jumatatu moja alisimama ukingoni mwa bwawa, mikono kiunoni. "Wewe, mzee wa makamo," alimwambia Rudaina, "twende tujue. Bila cheti, bila ubao." Waliogelea. Siku ile alitangulia Jumana. Jumatatu iliyofuata akatangulia Rudaina. Mpaka leo ni hivyo, leo huyu, kesho yule, na hakuna tena anayetoka chumba cha kubadilishia nguo na macho mekundu.

Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata Rudaina alishindana kwa mara ya kwanza katika mwaka wake halisi. Wasichana walikuwa wanane, wengine wamemzidi kichwa kizima. Niliiacha saa ya kupimia nyumbani makusudi. Mita ishirini za mwanzo alikuwa wa mwisho. Nilimfinya Raafati mkono kwa kucha bila kujua. Mita za mwisho alimpita mmoja, akagusa ukuta akiwa wa saba. Mama yangu, ambaye hajawahi kuelewa ule ubao, alipiga vigelegele kana kwamba kaolewa mtu. Mama yake Jumana, aliyekaa nyuma yetu, akampokea.

Rudaina alitoka majini anatweta. Baba yake alimfunika taulo, akapiga magoti ili macho yao yalingane.

"Mwanangu," alisema, "nilidhani kazi ya mzazi ni kumsafishia mtoto njia. Nikaisafisha kwa kumkanyaga mtoto wa mwenzangu. Zile medali nilizitaka mimi, za utoto wangu, nikakubebesha wewe. Ushindi wa kupunja hauna utamu, kwa sababu moyoni unajua una mwenyewe. Heri kuwa wa mwisho kwa haki kuliko wa kwanza kwa hila."

"Si wa mwisho, baba," Rudaina alisema, meno yakigongana kwa baridi. "Wa saba."

"Wa saba," baba yake alikubali.

"Na hiyo nafasi ya saba ni yangu. Hakuna atakayekuja kuidai."