Msalaba Juu ya Masanduku ya Risasi

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wenzake wakikimbilia uwanjani, Kucha alielekea chumba cha sanaa kufungua kabati. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na alitembea nao kifua mbele kama mtu aliyekabidhiwa hazina ya nchi. Jina la Kucha alipewa kwa sababu kucha zake hazikuisha rangi: leo kijani, kesho kahawia. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha magari ya mfano. Mkono wake kwa brashi ulikuwa mwepesi kweli. Huo alipewa na Mungu. Ulimi ndio aliunoa mwenyewe.

Ndani ya kabati yalipangwa magari ya jeshi, kila moja likitosha kukaa kiganjani. Kulikuwa na kifaru chenye mzinga wa kalamu iliyokwisha wino, malori ya kadibodi yenye magurudumu ya vifuniko vya chupa, na gari la jipu lililokatwa kwenye kopo la maziwa.

Wa pili kufika alikuwa daima msichana mmoja mwembamba mwenye kigugumizi. Maneno yalimkwama kooni, akayasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kucha ndiye aliyembandika jina la Redio Mbovu, na jina likashika kuliko gundi. Hata watoto wa madarasa ya chini walilijua.

"Habari za leo, Redio? Umepata mawimbi?"

"Nzu-nzu-nzu..."

"Badilisha betri, dada! Nyuki hao!"

Wenzao waliokuwa wakiingia wakacheka. Redio akainama, akaendelea na kazi yake. Kazi hiyo ilikuwa kuweka alama, na hapo hakuwa na mpinzani. Alijua kwamba gari la tiba la jeshi huwekwa msalaba mwekundu kwenye mraba mweupe ubavuni kote kuwili, mlango wa nyuma, na juu ya paa ili aliye kwenye ndege auone. Alijua pia kwamba gari lisilobeba wagonjwa haliruhusiwi kuugusa msalaba huo. Mambo hayo aliyatoa nyumbani. Baba yake alikufa vitani. Shuleni walijua hivyo tu, na hakuna aliyejisumbua kuuliza zaidi.

Mwaka huo kulikuwa na maonyesho katika ukumbi wa mji, na shule ilipewa meza ya magari ya tiba. Sharti lilikuwa moja: msafara wa magari matatu, sahihi mpaka alama zake. Redio alitengeneza gari la wagonjwa kwa kopo la samaki. Wengine wakashirikiana kutengeneza gari la upasuaji. La tatu alilichukua Kucha.

"Niachieni mimi," alisema. "Mtakuja kulipigia saluti."

Wakamwachia. Lakini kulikuwa na mchezo wa kuruka kamba, kulikuwa na porojo za uwanjani, na kesho ilikuwa haiishi. Wakimuuliza, aliwajibu, "Lipo nyumbani, linakauka." Uongo una miguu mifupi; huu haukufika hata getini. Siku moja kabla ya mkaguzi wa maonyesho kuja shuleni, Kucha hakuwa na gari wala gurudumu.

Siku hiyo aliwahi chumbani peke yake. Akatoa kabatini lori la risasi, lile lililopata tuzo mwaka uliopita. Ndani yake masanduku yalikuwa yamejengwa kwa njiti za kiberiti, na kila sanduku lilichorwa risasi ya njano. Alijaribu kuyang'oa. Gundi ikagoma. Akatazama mlango, akatazama lori.

"Kwani nani atafunua?" alijisemea.

Basi akateremsha turubai, akabandika kingo zake, akapaka rangi ya vumbi juu ya ile ya kijani. Kisha akachora miraba myeupe na misalaba myekundu, pembeni, nyuma na juu. Ilinyooka kama imepigwa muhuri.

Wenzake walipoingia, mmoja alikunja uso. "Hili si lile lori la mwaka jana?"

"Wewe una macho ya kuku jioni. Nenda kalale."

Redio alilisogelea. Akaligusa turubai kwa kidole, akatikisa kichwa. "Hi-hi-hili li-li-lina..."

"Redio, zima!" Kucha alisema, na kicheko kikafunika yaliyobaki.

Kesho yake akaja mkaguzi, daktari wa jeshi, mwanamke mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi ikakubali. Mwalimu wa sanaa alimfuata nyumanyuma akipangusa jasho. Daktari alilichukua gari la kopo la samaki, akaligeuza, akatazama paa, akakaa nalo mkononi kitambo.

"Aliyelitengeneza hili anajua anachofanya," alisema kwa sauti ya chini.

Kisha akalichukua la tatu. Akapima uzito wake. Akaingiza ukucha chini ya turubai, akalifunua.

"Haya ni nini?"

"Ni... ni masanduku ya dawa, Daktari," mwalimu alisema.

"Dawa zinazochorwa risasi?"

Daktari akaliweka lori mezani polepole. "Mwalimu, hiki walichofanya watoto wako kwa rangi, vitani ni uhalifu. Meza hii siipitishi."

"Lakini haya mawili mengine, Daktari, ni safi kabisa."

"Moja limenidanganya. Mengine nitayaaminije?"

Daktari alipotoka, mwalimu aligeuka na uso wa mtu aliyemwagiwa maji machafu hadharani. "Alama ni kazi ya nani?"

Macho yote yakamwendea Kucha. Angeweza kusema. Mdomo wake haukuwa na kigugumizi chochote.

"Alama ni kazi ya Redio, Mwalimu."

Hakuna aliyeweza kusema hiyo si kweli, na ndiyo maana uongo wake ulikuwa mbaya kuliko uongo wa kawaida.

"Si-si-si-si..." Redio alianza.

"Si-si-simba!" mtu akamsaidia kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

"Kimya!" Mwalimu alimnyooshea kidole. "Umeniaibisha mbele ya mgeni. Chukua kopo lako ukalitupe. Na chumbani humu nisikuone tena."

Redio alitoka na gari lake kifuani. Hakufika nalo kwenye pipa la taka. Wenzake walimzunguka nyuma ya vyoo, wakamnyang'anya, wakaliweka chini.

"Redio, tangaza! Tuambie habari!"

"Tangazo la vifo!"

Mmoja akalipiga teke. Mwingine akamtazama Kucha. "Mwenyekiti, wewe ndiye umekosa maonyesho kwa sababu yake. Funga kikao!"

Kucha aliona wanamsubiri. Aliona pia kwamba asiyekanyaga ataulizwa kwa nini. Akainua mguu, akalishindilia kopo kwa kisigino. Bati likalia, likalala bapa.

Redio hakulia. Alipiga magoti, akaokota bati, akaokota magurudumu, kisha akaendelea kupapasa udongoni kutafuta kitu kingine. Wenzake walichoka kumtazama, wakaondoka. Yeye bado alikuwa akipapasa.

Jioni mama yake Kucha alimtuma kuosha viatu. Alipokigeuza cha kulia, aliona kitu kimenasa kwenye meno ya soli. Alidhani ni karatasi. Akakibandua kwa ukucha. Kilikuwa kitambaa, cheupe cha zamani, kilichofuliwa mpaka kikalainika, chenye msalaba mwekundu uliopauka. Kingo zake zilishonwa kwa mishono midogo kama mayai ya chawa.

"Umeokota nini?" mama aliuliza.

"Takataka tu, mama."

"Takataka, mbona umeishika kama yai?"

Kucha akampa mgongo. Alijaribu kuitupa, mkono ukakataa. Aliishia kuificha kwenye kisahani cha sabuni.

Asubuhi, kabla ya somo la kwanza, mwanamke mmoja alisimama mlangoni mwa darasa. Kidole cha shahada alikivika kastabini ya kushonea, kama aliyeondoka ghafla kwenye cherehani. Alikuwa mama yake Redio, fundi wa nguo, mjane. Redio alisimama nyuma yake akitazama sakafu.

"Shikamoo, mama," watoto walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Mwalimu, samahani, sikuja kugombana. Nimekuja kutafuta kipande cha kitambaa. Vitatu amerudi navyo. Cha paa hakipo."

"Kitambaa?" mwalimu alishangaa. "Alama hazikuwa za rangi?"

"Mwanangu hana hata tone la rangi nyekundu, Mwalimu. Hukumuuliza?"

Mwalimu akamtazama Redio.

Mjane akawageukia watoto. Hakupandisha sauti. "Mume wangu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la jeshi. Alama ilikuwa mlangoni, juu ya paa, na nyingine kwenye kitambaa alichofunga mkononi. Na adui aliiheshimu, maana naye alikuwa na majeruhi wake. Sasa kuna watu wa upande wetu, upande wetu jamani, waliona hiyo ni njia rahisi. Wakachora msalaba kwenye lori, wakapakia risasi, wakafunika turubai. Likapita. Mara ya pili likagunduliwa. Mume wangu alipopita baadaye njia ileile na majeruhi wake, hakuna aliyefunua turubai kuangalia. Walipiga tu." Akaizungusha kastabini kidoleni. "Nililetewa kitambaa cha mkononi. Maiti hawakuniletea. Mwanangu alipotengeneza lile gari, alisema gari la baba haliwezi kuwa na alama ya rangi. Nikaleta mkasi mwenyewe, nikakata misalaba minne midogo kutoka kwenye ule mmoja."

Wale waliocheka jana walitafuta pa kuficha nyuso zao.

Kucha alikuwa nacho mfukoni, kile kitambaa, alikitoa kisahanini asubuhi hiyo. Angeweza kukidondosha chini ya dawati, kikaonekana kimeanguka chenyewe. Alikishika, akakiachia, akakishika tena. Kisha akasimama, akaenda mbele, akafungua kiganja.

"Kilikuwa chini ya kiatu changu," alisema. "Mimi ndiye niliyekanyaga. Na lile lori... nilichora mimi. Sikutengeneza gari langu. Niliwadanganya. Yeye alikuwa anataka kusema, mimi nikamzima."

"Wewe!" Mwalimu aliinyooshea mkono fimbo iliyokuwa juu ya kabati.

"Iache, Mwalimu," mjane alisema. "Jana adhabu ilitangulia, swali likachelewa. Leo tusirudie."

Mkono wa mwalimu ukabaki hewani, kisha ukashuka. "Nimekosa, mama," alisema. Akamgeukia Redio. "Nimekukosea, mwanangu. Ulikuwa unanijibu, nami sikungoja."

Redio alimtazama, akaenda kukaa.

Siku hiyo Kucha alivua ufunguo shingoni, akaukabidhi kwa mwalimu. Alikwangua misalaba yote kwenye lori mpaka kucha zikapasuka, nalo likarudi kuwa lori la risasi, bila haya wala sifa. Kisha mwalimu akampeleka kwa daktari wa jeshi akaseme kwa kinywa chake mwenyewe. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, wala hakumpa kiti.

"Lile lililokanyagwa lipo?" aliuliza.

"Lipo."

"Leteni hilo. Hilo peke yake."

Mjane na binti yake walilinyoosha bati kwa kijiko. Halikurudi kama lilivyokuwa. Ubavu ulibaki na mkunjo, paa likabonyea. Redio akavirudisha vitambaa mahali pake, vitatu pembeni na nyuma, na kile cha nne juu. Cha nne kilikuwa na alama ya meno ya soli isiyotoka kwa sabuni.

Meza yao ukumbini ilikuwa na gari moja tu, na watu walisimama hapo kuliko mahali pengine. Kucha alipewa kazi ya kufagia. Wenzake, walewale walioshangilia nyuma ya vyoo, walipita wakimrushia maganda ya karanga. "Kucha, leo umempaka nani?" Redio aliwasikia. Hakucheka, wala hakumtetea.

Watu walipopungua, Kucha alimsogelea mjane na ufagio mkononi. "Mama, atanisamehe lini?"

"Sijui, mwanangu. Waliopakia zile risasi, mimi mwenyewe sijamaliza kuwasamehe. Kila asubuhi nasali, nikifika hapo naanza upya. Usimharakishe." Akamshika bega, si kwa upole sana. "Lakini hili lishike. Alama ni ahadi. Hata jina la mtu ni alama. Ukibandika ya uongo, humdhuru yule tu uliyemdanganya. Unamvua ulinzi mwingine aliyeibeba kwa haki, mtu usiyemjua, njiani huko, na yeye ndiye atakayelipa. Wewe utakuwa umekwisha kula na kulala."

Kucha aliinamisha kichwa. Kisha akaenda mpaka kwenye meza, alipokuwa msichana yule akilipangusa gari vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kusoma pamoja akamwita kwa jina alilopewa na baba yake.

Msichana hakugeuka. Kucha akangoja, kama mtu anavyopaswa kungoja neno lenye safari ndefu.

"Pa-pa-pale," msichana alisema mwishowe, akinyoosha kidole chini ya meza bila kumtazama. "Hu-hujafagia."

Kucha akainama, akafagia.