Yai la Kunguru wa Magengeni

Asubuhi hiyo Thirza aliokota yai la plasta ili alitie madoa, akalikuta lina joto.

"Denzil," alimtania mumewe, "siku hizi unayaatamia?"

Denzil hakucheka. Kazi yao huko Cornwall, pwani ya miamba mirefu, ilikuwa kutengeneza mayai bandia ya ndege wa porini, watoto wayashike shuleni bila kiota kuguswa. Yeye alikuwa akimimina plasta kwenye kalibu za umbo la yai, mkewe akipaka rangi. Ila safari hii, kwa kukosa yai la kunguru la kuigiza, alikuwa ameshuka genge la mwamba juu ya bahari kwa kamba, akaiba yai halisi kiotani. Alilitoboa, akalipuliza ili ute utoke libaki ganda tupu. Kilichotoka kilikuwa na mdomo. Alikitupa kwenye sinki, akafungulia maji.

Karakana ikaanza kunuka mzoga. Juu ya paa kucha zikakwaruza vigae. Mchana Thirza alirudi na mkate, akamkuta mumewe amechuchumaa juu ya trei za mayai, mikono ameitanua, uso anaupigapiga mezani hata pua imevunjika na damu inatiririka kwenye plasta, na alipomshika bega aligeuka akamng'ata kiganja, akanyofoa nyama. Thirza alimfungia mlango, akamkimbilia Padri Jago, mstaafu aliyejulikana kwa kufukuza pepo.

Walipofungua tu, Denzil alimrukia padri, akamchana sikio kwa meno. Mzee alimwangusha, akamkandamiza kifuani kwa goti, akammwagia maji ya baraka.

"Wataka nini?"

"Mwanangu." Sauti iliyotoka kinywani mwa Denzil ilikuwa ya mwanamke.

"Amekufa. Mwache huyu."

"Alimtoa wangu kabla hajaona jua. Nitamtoa wake."

Vioo vyote vikapasuka kuelekea nje, harufu ikakatika, na Denzil akabaki sakafuni anatapika damu na manyoya meusi. Padri alibana sikio lake kwa leso, akasema jambo limekwisha.

"Pepo ameondoka mikono mitupu," Denzil alinong'ona. "Sisi hatuna mtoto."

Thirza alikuwa amejua tangu Jumapili kuwa ana mimba, anangoja siku nzuri ya kumwambia. Mimba changa namna ile haichezi. Lakini aliposimama pale, damu ikimchuruzika kiganjani, alisikia kitu kikimgonga tumboni kutoka ndani, taratibu, kwa ncha kali.