Koili Iliyonyimwa Oili

"Mama Karisa, taa ya pikipiki yenu ina homa?"

Jirani yangu Menza aliniuliza hivyo tukichambua mchicha uani. Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaiona taa ile. Karisa, mwanangu, akikaza mwendo, yang'aa. Akipunguza, yanywea.

Pikipiki hiyo aliniachia marehemu mume wangu. Ni kuukuu, lakini ndiyo miguu yetu hapa Marafa. Mke wa Karisa, Kabibi, alikuwa na mimba kubwa. Uchungu ukimshika, ni pikipiki hiyo tu ya kumfikisha hospitali. Na njia yetu yapita ukingoni mwa Nyari, lile korongo.

Jioni hiyo Karisa alikwenda kumchukua Kabibi kliniki. Giza likaingia. Nikaiona taa ikija kwa mbali. Ikawa ya manjano. Ikawa nyekundu kama kaa la moto. Kisha sikuiona tena.

"Menza, imezimika!"

"Labda wameingia bondeni."

"Hapo hapana bonde. Hapo ni ukingoni."

Nikapiga magoti. Nikaomba palepale, juu ya mchicha. Maneno yakanipotea. Nikabaki na moja: "Bwana, washike. Washike tu."

Walifika wakiikokota pikipiki. Kabibi akaketi chini.

"Mama, gurudumu lilifika ukingoni kabisa. Nilisikia mawe yakianguka. Sikuyasikia yakifika chini."

"Ni betri," Karisa akasema haraka. "Nitanunua nyingine."

"Si ulibadilisha juzi? Na oili uliyoimwaga kwenye kopo ilikuwa ya nini?"

Akainamisha macho. "Nilifungua ubavu wa injini, mama. Nikakuta koili ya kuchaji betri, ule msokoto wa nyaya, inaogelea kwenye oili! Umeme na majimaji wapi na wapi? Nikapunguza oili ili koili ikae pakavu. Pikipiki ya rafiki yangu Ziro, koili yake ni kavu kabisa."

"Ulipunguza kabla taa haijaanza kuugua, au baada?"

Akaitazama pikipiki. "Kabla."

Asubuhi tuliipakia pikipiki kwenye pikapu, tukaenda Malindi kwa Anjana. Ana duka la vipuri. Kazi ya kusuka koili alifunzwa na babake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Karisa akaitisha betri. Anjana akamtazama. "Nyingine? Ile ya juzi umeikaanga ukaila?"

Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. Uso wake ukabadilika. "Nusa, mama." Kilinuka kama sufuria iliyoungua. Ncha yake tu ndiyo iliyolowa. Akafungua ubavu wa injini. Koili ilikuwa nyeusi upande mmoja.

"Nani alipunguza oili?"

Karisa akajikuna shingo. "Mimi."

"Sikiza, ndugu yangu. Sumaku huzunguka karibu na koili, umeme ukapatikana. Koili nayo hupata moto. Kwa pikipiki hii, oili ndiyo inayoiondolea ule moto. Umeipunguza, koili imeungua. Ikiungua, haichaji betri. Hata ukinunua betri zote za duka hili, zitakufa."

"Lakini umeme na majimaji, Bi Anjana..."

"Maji ni adui, ndiyo. Oili safi haipitishi umeme. Tena tazama." Alichovya kidole ndani, akatuonyesha vipande vidogo vyeusi. "Hii ni ngozi ya nyaya. Imebanduka, imeingia kwenye oili. Oili hiyo huzunguka injini nzima."

"Na ya Ziro?"

"Ya Ziro ni aina nyingine. Hiyo imetengenezwa ikae kavu. Oili ikiingia humo, ujue sili, ule mpira wa kuizuia, imekufa. Ungeuliza kwanza."

Nikauliza mimi. "Na kama angeendelea hivi?"

Anjana alijifuta kidole. "Injini ingekwama ghafla, mama. Gurudumu la nyuma lingegoma kuzunguka akiwa mwendoni."

Nikayasikia yale mawe.

Anjana aliisuka koili upya. Akamwaga oili chafu, akaosha chujio. Akatia oili mpya ya pikipiki. "Si ya gari. Nyingi za gari huifanya klachi iteleze." Kisha akamshika Karisa mkono kama mtoto wa shule. "Isimamishe wima, penye usawa. Zima injini, ngoja itulie. Pima. Oili ikae kati ya alama mbili hizi za kijiti. Ikinuka kuungua, usisafiri."

Mwisho aliwasha injini na kuweka mita ya kupimia umeme kwenye betri. Namba ikapanda. "Sasa betri inakula," akasema.

Tangu hapo Karisa hupima kila jioni. Hata hivyo hofu haikunitoka. Kila taa ilipokuja kwa mbali, nilisimama.

Magharibi moja tulikuwa tunakula. Kabibi akaweka tonge chini. "Mama," akasema. Akajishika tumbo; uchungu ulikuwa umeanza.

"Oili?" nikamuuliza Karisa.

"Nimepima."

Waliondoka. Menza akaja kusimama nami uani. Taa ilikwenda, nyeupe. Ikafika Nyari. Karisa akapunguza mwendo pale pabaya. Nikashika mkono wa Menza. Taa haikunywea. Ikapita ukingo wote, ikaingia barabara kubwa.

Hatukulala. Alfajiri simu ikalia. "Mama, ni msichana," Karisa akasema. "Wote wazima."

Nikamgeukia Menza, mwenye mzaha kwa kila jambo. "Haya, jirani. Uliza tena kama taa yetu ina homa."

Menza alijifuta macho kwa leso yake. Akaokota ungo wake, akatoka uani kwenda kumchumia mzazi mchicha.