Doa Ambalo Dobi Hakulifua

Asubuhi hiyo mashuka ya hospitali yalikuwa yamejaa chumba hadi dirishani. Mama Dobi alikuwa akipiga pasi huku akiimba. Mumewe alikuwa uani akianika. Watu walimwita Baba Kamba, maana hakuna aliyemzidi kukaza kamba ya nguo.

Mara mteja mmoja akaingia bila hodi. Alikuja juu kweli kweli! Akatupa gauni jeupe la harusi mezani. Kifuani palikuwa na doa la kahawia, la kuungua.

“Nililichukua kwako juzi, leo nalifungua nakuta hivi!” alifoka. “Gauni la mwanangu! Litoe doa hili kabla ya jioni, au tutakutana mahakamani. Na hospitali nitaiambia isikupe hata shuka moja!”

Akatoka. Mama Dobi alishika kichwa. Bila mashuka ya hospitali, unga wao umemwagika.

“Usihofu, mke wangu,” alisema Baba Kamba akiingia kutoka uani. “Nitawaita wifi zako wote. Wataapa kwamba wewe ni mwangalifu.”

Lakini Mama Dobi alikuwa dobi, na dobi akiona doa mikono humwasha. Alishachanganya sabuni kwenye beseni. Alishalinyanyua gauni.

“Usiloweke!”

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Dada Karani, jirani yao aliyestaafu kazi ya ukarani mahakamani. Kelele zote alikuwa amezisikia.

“Doa la kuungua hutoka?” aliuliza.

“Hupauka tu, dada.”

“Basi halitaondoka, ila umbo lake litapotea. Utakuwa umefua ushahidi wako mwenyewe!”

“Ushahidi ni wifi zake,” alisema Baba Kamba.

“Walikuwepo alipopiga pasi gauni hili?”

“Hawakuwepo. Lakini wana sauti!”

Hata Mama Dobi alicheka, machozi yakiwa bado machoni.

Dada Karani akavuta kiti. “Sikilizeni. Ushahidi ni kile tunachompelekea hakimu. Kinaweza kuwa kitu, au maneno ya mtu aliyeona. Hakimu hupima vyote. Akiamini kwamba jambo lilitokea, au akiona yaelekea sana lilitokea, kiasi kwamba mtu mwenye busara angelichukua kuwa kweli, hapo limethibitishwa. Mtu anaweza kuleta ushahidi tele asithibitishe chochote.”

“Kwa hiyo nithibitishe kwamba sikuunguza?”

“Hapana. Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Ila usiende mikono mitupu. Hebu litazame doa hilo kidobi, acha woga.”

Mama Dobi alilisogeza gauni dirishani. Akalitazama. Moyo ukamruka!

“Baba Kamba, njoo! Lina ncha kali! Na hivi vidoa vyeupe katikati ni matundu ya pasi ya mvuke!”

Pasi yake ilikuwa chuma kitupu, chini laini, haina tundu hata moja. Ncha yake ilikatika siku ilipoanguka. Baba Kamba alirukaruka kama mtoto.

Jioni mteja hakutaka kusikia habari za pasi. Alilichukua gauni lake na doa lake, akafungua kesi.

Siku ya kesi, hakimu alimuuliza, “Ulimwona akiliunguza?”

“Sikumwona. Lakini ni nani mwingine?”

“Hiyo ni dhana, mama. Dhana peke yake haithibitishi.”

Mama Dobi akaweka pasi yake mezani, na kando yake kitambaa cheupe alichokiunguza kwa pasi hiyo hiyo. Hakimu alivilinganisha na gauni. Alama ya kitambaa ilikuwa butu na laini. Ya gauni ilikuwa na ncha na matundu.

“Mdai hajathibitisha dai lake,” alisema hakimu. “Dai limetupwa.”

Baba Kamba alipiga kelele ya furaha hadi askari akamtoa nje. Mama Dobi alilia kwa raha, wala hakujificha. Kesho yake gari la hospitali lilileta mashuka kama kawaida.

Wiki ile ile mteja alirudi. Safari hii alipiga hodi.

“Mdogo wa bibi harusi amesema kweli,” alisema polepole. “Alilipiga pasi nyumbani ili kunyoosha mikunjo. Nisamehe, Mama Dobi. Doa hili... litapauka?”

Mama Dobi alipokea gauni. Akakunja mikono ya blauzi yake, akavuta beseni.

“Lete sabuni, Baba Kamba,” alisema. “Sasa naloweka!”