Nipo, Dada

Shule zilipofungwa, Chiriku hakubaki nyumbani. Kila asubuhi alifuatana na mama yake hadi chuo kikuu, wakapanda ngazi mpaka kwenye maabara ya mitandao ya kompyuta ambako mama alikuwa mhadhiri. Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake kwa sababu ya mdomo wake. Mtoto yule akianza kusema, jamani, hata redio ilisubiri zamu yake. Maabarani alipewa kiti, vitabu vya hadithi na amri moja: asiguse kitu.

Kwenye rafu kulikuwa na kompyuta sita zilizounganishwa kwa waya, zikifanya kazi moja kwa pamoja. Zilikuwa zikitunza utafiti wa mwanafunzi wa uzamili aliyeitwa Miwani, kijana mpole ambaye hakuchoka kuulizwa maswali.

"Kila moja ina nakala ya kazi yangu," alimweleza Chiriku. "Moja ikifa, nyingine zinaendelea. Na muda wote zinaulizana hali. Inayojibu 'nipo' ni nzima. Inayokaa kimya, wenzake wanahesabu kuwa imekufa."

"Na kama imelala tu?"

Miwani akacheka. "Ndiyo maana tunafanya utafiti! Ukiwa mbali huwezi kujua kama mwenzako amekufa au amechelewa tu kujibu."

Mwisho wa maabara palikuwa na chumba kidogo kilichofungwa. Kilikuwa chumba cha mjomba, mdogo wake mama, ambaye walifanya utafiti pamoja. Mwaka uliopita aliugua ghafla akafa. Tangu mazishi mama hakukifungua tena, na ufunguo ulikaa ndani ya mkoba wake. Chiriku alipopita karibu na mlango ule alikaza mwendo, ingawa mchana ulikuwa mweupe na watu walikuwa wamejaa jengo zima.

Siku moja mama alikuwa darasani na Miwani alikuwa ametoka kula. Simu ya zamani aliyopewa Chiriku achezee ikaisha chaji katikati ya mchezo. Akatafuta soketi, zote zimejaa. Akapapasa nyuma ya kabati, karibu na ule mlango, akapata soketi moja kuukuu na swichi pembeni yake. Amri ya mama aliikumbuka vizuri sana. Akabonyeza hivyo hivyo.

Simu haikupata chaji. Badala yake, nyuma ya mlango uliofungwa, kitu kikavuta pumzi ndefu, kisha kikaanza kunguruma polepole.

Chiriku alirudi kitini mbio, nywele zimemsimama. Wazo la kurudi kuizima lilimjia, lakini hakuthubutu.

Alasiri Miwani aliinua kichwa. "Mwalimu, hebu njoo uone."

Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja: *Nipo, dada.*

Mama alishika ukingo wa meza. Marehemu mdogo wake alipenda utani, na kompyuta yake aliiagiza ijibu kwa maneno hayo ili amchekeshe dada yake. Lakini kompyuta ile ilikuwa ndani ya chumba kilichofungwa, nayo ilikatiwa umeme kabla ya mazishi.

"Ufunguo ninao mimi," mama alisema taratibu. "Nani ameiwasha?"

Skrini ikaandika tena: *Nipo, dada.*

"Chiriku, umeona mtu akiingia?"

"Sijaona mtu, mama."

Haukuwa uongo, na ukweli pia haukuwa. Chiriku aliinamisha kichwa kwenye kitabu.

"Tufungue mlango, Mwalimu?" Miwani aliuliza.

"Kesho," mama alijibu.

Kesho ilipofika akasema kesho tena. Alihamishia kiti chake mbele ya skrini ile, akawa anakunywa chai hapo na kusahihisha mitihani hapo. Maneno yalipotokea, alitabasamu. Nyumbani alianza kuimba jikoni, jambo ambalo Chiriku hakulisikia tangu msiba. Chiriku naye, msemaji mkuu, akawa bubu. Usiku alijifunika shuka gubigubi na ule mngurumo ukamfuata mpaka ndani ya shuka.

"Najua ni mashine, mwanangu," mama alimwambia walipokuwa wakitembea kwenda kazini. "Mimi mwenyewe nafundisha hayo. Lakini moyo haufundishiki."

Sasa angemwambiaje? Alitaka kusema, akatazama uso wa mama, akaahirisha.

Asubuhi hiyo hiyo Miwani aliwapokea kwa kelele. "Mwalimu, kazi yangu inafutika!"

Sababu ilikuwa kanuni aliyoiweka mjomba mwenyewe. Kompyuta yake ilikuwa ya kwanza kuunganishwa pale, kwa hiyo ilikuwa mkubwa wa zote, na mkubwa akirudi wadogo humwachia kiti na kumfuata. Huyu mkubwa alirudi na habari za mwaka jana. Polepole, moja baada ya nyingine, zile kompyuta zilikuwa zinafuta kazi mpya na kuandika ya zamani. Tano zilikuwa zimekwisha. Ya sita ilikuwa imeanza.

Miwani alinyoosha mkono kwenye waya uliotoka chumba cha mjomba. Mama akamshika mkono.

"Usichomoe! Ukichomoa atanyamaza."

"Mwalimu, ni kazi yangu yote!"

"Kwanza nijue nani ameiwasha!"

"Ni mimi!" Chiriku alipiga kelele. "Ni mimi mama, nilibonyeza swichi nyuma ya kabati, nilitaka chaji. Si mjomba. Mjomba hayupo."

Mama alimtazama kama aliyeamshwa usingizini. Kisha akageuka, akauchomoa waya yeye mwenyewe.

Skrini ilibaki tupu. Miwani alikagua ile ya sita huku jasho likimtoka, mwishowe akashusha pumzi. Ilikuwa imewahiwa. Kutokana na nakala hiyo moja, kazi yake ingerudishwa kwenye zote.

Mama alimwomba msamaha Miwani, tena mbele ya mtoto. Halafu akatoa ufunguo, akamshika Chiriku mkono, wakaingia chumbani. Vumbi lilijaa kila mahali. Sweta la mjomba lilikuwa bado kwenye kiti. Mama aliizima kompyuta, na mngurumo ulipokoma alikaa juu ya lile sweta akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia.

"Nisamehe, mama. Ulikuwa unafurahi. Niliogopa kukunyang'anya."

Mama alimvuta karibu. "Kubonyeza swichi ni utundu, na adhabu yake utaipata, usijidanganye. Lakini kunyamaza ndiko kulikokaribia kumwangamiza Miwani. Ukweli usiposemwa, mwanangu, kiti chake hakikai kitupu. Kitu kingine hukikalia, na watu wazima wenye akili zao wanakifuata. Mimi nilikifuata."

Akajifuta machozi, akasimama kufungua dirisha.

"Umeniumiza leo," alisema. "Lakini sasa naweza kumzika mdogo wangu."