Kutu Iliyopakwa Udongo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mawingu alikwenda kwanza kuitazama kutu.

Mawingu halikuwa jina lake la shuleni. Alibandikwa jina hilo na shangazi yake, kwa sababu mtoto huyo ukimtuma chumvi alirudi mikono mitupu, ila na habari ndefu za wingu lililofanana na ngamia. Kutu, hata hivyo, hakuisahau. Ilikaa ndani ya chupa pana ya plastiki, ukutani nje ya jiko, kwenye bomba lililoleta gesi kutoka shimo la samadi. Zilikuwa nyuzi za chuma zilizoachwa mvuani mpaka zikawa nyekundu kama machweo. Gesi iliingilia chini, ikatokea juu. Siku zilivyopita weusi ulipanda taratibu, na Mawingu akaona vilima vikiingiwa na usiku.

"Mawingu! Umehamia humo chupani?" Shangazi aliita. "Tukuletee na godoro?"

Aliyeifunga chupa hiyo ni Mjomba, fundi wa mabomba.

"Gesi ya samadi hutoka na sumu yake, ile inayonuka yai viza," alimweleza. "Ukiiwasha hivyohivyo, moto wake unawasha koo. Kutu ni oksidi ya chuma. Inaikamata sumu, gesi safi inapita. Ikishiba inageuka nyeusi. Hapo Shangazi atafunga koki, wewe utaimwaga kwenye sinia uani, uinyunyizie maji, uigeuzegeuze. Hewa itaitapisha, nayo itarudi kuwa nyekundu."

"Haichoki, Mjomba?"

"Inachoka, ikipumzika inarudi. Ina ndugu zake pia, oksidi za metali nyingine. Hizo huwekwa kwenye dohani za viwanda, zikiwa vichocheo vya kusafisha moshi. Kazi inafanyika, zenyewe zinabaki."

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya kifua cha Bibi. Bibi aliwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha nguo tangu usichana mpaka mvi. Kiwanda kilikuwa na dohani ndefu kuliko mti wowote, ili moshi usishukie nyumba za mabwana. Jiko la wapishi lilikuwa na dirisha moja, tena dogo, na moshi wa kuni ulikwenda ulikopata nafasi: vifuani mwao. Siku ya kustaafu walimpa blanketi na makofi. Kikohozi alijibebea mwenyewe.

Sasa alichambua maharage jikoni kwa Shangazi, aliyepika chakula cha kuuza. Tangu chupa ile ifungwe, Bibi alilala bila kuegemezwa mito.

Jumamosi moja weusi ulifika juu kabisa. Shangazi alifunga koki, akachukua kikapu chake cha sokoni.

"Nikirudi niikute nyekundu. Jioni tunapika."

"Ndiyo, Shangazi."

Mawingu alileta sinia. Alileta na maji. Kisha akainua macho mara moja tu. Wingu moja lilikuwa meli, meli ikawa kiatu, kiatu kikaota mbawa. Ngoja kwanza nione linaishia wapi, alijisemea, akajilaza ukutani. Jua lilikuwa la vuguvugu, na kope zake zilikuwa nzito kama zimepakwa asali.

Aliamshwa na mlio wa lango. Kutu ilikuwa bado chupani, nyeusi tii.

Chini ya ukuta kulikuwa na udongo mwekundu, mkavu, laini. Mawingu hakufikiri. Alifungua kifuniko, akamwaga udongo ndani, akaitikisa chupa mpaka yote ikawa nyekundu, akafunga.

"Hodari wangu!" Shangazi alisema akipita, akafungua koki.

Mawingu alificha mgongoni mikono yake yenye udongo.

Jiko lilipowashwa, moto ulikuja na harufu kali. Bibi alikohoa kidogo. Akakohoa tena. Halafu akashika ukingo wa meza, mgongo ukitikisika, maharage yakimwagika sakafuni. Shangazi alizima jiko, akafungua milango, akampigia Mjomba simu. Naye akaja mbio na spana mkononi.

"Shemeji, kutu yako imetudanganya!"

Mjomba aliichungulia chupa. "Lakini ni nyekundu. Mabomba nayo ni mazima. Sielewi."

"Basi kama fundi huelewi, kesho ng'oa kila kitu. Narudi kwenye kuni. Kuni najua ubaya wake, haziniongopei."

Bibi aliokota punje moja ya maharage, akaigeuza vidoleni, akaokota nyingine. Mawingu aliiona mikono hiyo, na kupitia mikono hiyo akaliona jiko la dirisha moja.

"Msing'oe kitu," alisema. "Si kutu. Ni mimi. Nililala. Nikaipaka udongo."

"Wewe!" Shangazi alishika kiuno.

Mjomba aliimwaga chupa kwenye sinia, akaisuuza kutu kwa maji. Wekundu ukatiririka, weusi ukabaki pale pale.

Kesho yake Mawingu aliigeuza kutu mwenyewe uani, upepo ukimpulizia. Joto dogo lilipanda kutoka kwenye sinia, kama pumzi ya mnyama anayeamka. Weusi ukawa kahawia, kahawia ikaanza kuona haya, na hatimaye machweo yakarudi. Moto wa mchana ule ulikuwa wa buluu, bila harufu.

Bibi alimkalisha karibu naye.

"Kiwandani, mkaguzi alipokuja, masizi yalipakwa chokaa. Akausifu ukuta, akala, akaenda zake. Ukuta unapakwa chokaa, mjukuu wangu. Kifua hakipakwi."

Mawingu aliinamisha kichwa.

"Kutu ikijaa sumu, inageuka nyeusi mbele ya kila mtu. Haioni aibu. Nawe ukikosea, geuka mweusi hadharani, tutakuanika, utarudi. Lakini ukijipaka udongo, kuna mtu humu ndani atakohoa kwa niaba yako."

"Nisiote tena, Bibi?"

"Ota!" Bibi alicheka, na kicheko kikapita kifuani bila kukwama. "Ota, ila mikono iwe inageuza sinia."