Mstari Mzito

Kila siku saa moja asubuhi, kabla wenzake hawajafika chuoni, Sekela alichonga penseli zake tatu: ngumu ya mistari ya kuanzia, ya kati, na laini ya mistari mizito. Alizipanga kando ya rula, akapuliza vumbi mezani, ndipo akafungua dirisha kuwatazama mchwa.

Walikuwa mchwa wa chuma, kila mmoja mkubwa kama kiganja, na idadi yao elfu nne. Walipanda kuta za nyumba ya uzazi iliyokuwa ikiinuka ng'ambo ya barabara, wakitema matone ya udongo-gundi na kurudi kuchukua mengine. Ramani haikuwapo. Kwa miaka thelathini Mbeya yote ilijengwa hivyo: mwenye nyumba anavaa taji-fikra kichwani, anaiwaza nyumba yake, na picha iliyo akilini inakwenda moja kwa moja kwa mchwa.

Asubuhi hiyo mchwa walisimama. Wote, kwa wakati mmoja.

Mwalimu Asangwisye aliingia akihema. Yeye ndiye aliyefundisha darasa la mwisho la kuchora kwa mkono, darasa lenye mwanafunzi mmoja, Sekela. Akamweleza yaliyotokea. Taji lilikuwa limevaliwa kwa zamu na watu wawili, Mama Lugano, mwenyekiti wa akina mama wa mtaa, na Subilaga, mkunga. Wote wawili walitaka chumba cha kujifungulia kiwe na mlango mpana, na walikubaliana kwa maneno. Lakini taji lilikuta milango miwili tofauti katika vichwa viwili, na mchwa hawajui kuchagua. Udongo ungeganda saa sita mchana. Baada ya hapo kuta zisizo na mlango zingebomolewa, mvua zingeanza, na wajawazito wa mtaa ule wangepita masika mengine wakibebwa kwa machela hadi upande wa pili wa mlima.

"Chukua ubao wako," alisema Mwalimu.

Sekela alitamani kumwambia kwamba hawezi kusimama mbele za watu. Akachukua ubao.

Pale uwanjani Mhandisi Gwamaka, msimamizi wa mchwa, alikuwa akiwavika wanawake wale taji kwa mara ya tano. Alipomwona Sekela akacheka, akamuuliza kama penseli hizo amekuja kuwashia moto wa chai. Sekela alipiga magoti, akalaza karatasi juu ya mfuko wa udongo, akaanza kama alivyofundishwa, mtu kwanza, ukuta baadaye. Akachora mwanamke amelala kitandani. Kisha akazungusha kuta nne, na mlango mpana ukitazama barabara, kama alivyouwaza Mama Lugano. Kutoka barabarani akavuta mstari wa vidotodoto, mstari wa jicho la mpita njia. Ukapita mlangoni, ukafika kitandani.

Akaigeuza karatasi iwaelekee.

Mama Lugano aliufuata mstari ule kwa kidole hadi kitandani. "Kumbe hata muuza ndizi angemwona," alisema taratibu.

"Ndiyo maana mimi niliuweka mlango nyuma," alisema Subilaga.

"Nyuma kule ni korongo, dada. Nani ataingilia huko, mbuzi?"

Hata Subilaga alicheka. Lakini mlango bado haukuwa na mahali, na ilikwisha kuwa saa tano. Sekela aliona jinsi macho ya Mama Lugano yalivyong'ang'ania pale kando ya kitanda, mahali patupu. Hakuwa na ujasiri wa kumuuliza. Akampa penseli.

Mama Lugano aliishika kama mtu anayeshika sindano ya mwenzake. Pale patupu akachora duara dogo na mstari chini yake, mtu kama wanavyomchora watoto.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mhandisi.

Mama Lugano akamrudishia Sekela penseli.

Kumbe Mama Lugano hakuutaka mlango mpana kwa ajili ya barabara. Alitaka mtu wa pili apate nafasi ya kuingia. Sekela alifuta, akausogeza mlango ubavuni, akaupanua watu wawili waweze kupita bega kwa bega, akaongeza ukuta mfupi wa kuukinga usionekane kutoka barabarani. Wanawake wote wawili wakaweka vidole juu ya mlango mmoja.

Mwalimu ndiye pekee aliyekumbuka kwamba mchwa wa kwanza, kabla ya taji, walitengenezwa wakiwa na macho ya kusoma michoro, na kwa hawa wa sasa macho hayo hayajaondolewa. Mstari mzito ni ukuta, mwembamba ni kinachoonekana mbali, wa vidotodoto ni kisichojengwa. Karatasi ikawekwa mbele ya mchwa. Wakaikodolea macho, wasijongee.

"Hawaoni kuta," alisema Mwalimu. "Umechora kama mtu anayeomba radhi. Bonyeza, mwanangu."

Zilibaki dakika ishirini. Sekela alichukua penseli laini, akapita juu ya kila ukuta kwa nguvu mpaka karatasi ikanung'unika na mkono wake ukawa mweusi hadi kiwiko. Alipofunga kona ya mwisho, mchwa mmoja aliinua kichwa. Kisha kumi. Kisha elfu nne wakaupanda ukuta kwa sauti kama mvua juu ya mabati, na umati ukapiga vigelegele. Mhandisi alivua kofia yake, akamwomba Sekela amfundishe kuchonga penseli.

Saa kumi nyumba ilikuwa imesimama. Mama Lugano aliingia wa kwanza, akimvuta Sekela mkono, na mabega yao yakapita pamoja bila kugusa miimo ya mlango. Akasimama pale kando ya kitanda, mahali pa lile duara dogo.

"Kifungua mimba wangu nilimzaa katika chumba chenye mlango wa kupita mtu mmoja, na daktari akaupita yeye," alisema. "Mama yangu alibaki nje akiniita. Ndiye niliyemchora. Nilitaka aingie."